Mhazini Asiye na Deni: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Faragha Jijini Dodoma

Katikati ya mwaka 2024, mwalimu mmoja wa shule ya msingi jijini Dodoma alivuliwa uhazini wa kikoba chake katika kikao kilekile ambacho wanachama wenzake waliipekua simu yake na kujiridhisha kwamba hadaiwi popote. Alituhumiwa, akajisafisha mbele ya kikundi kizima, akaonekana hana kosa, na bado akatoka pale akiwa amepoteza cheo, utulivu wa nyumbani kwake na rafiki mmoja wa karibu. Kama msaidizi wa kisheria nimepokea malalamiko mengi yanayotokana na mikopo ya mtandaoni, lakini hili ndilo ninalolikumbuka kila ninapomsikia mtu akisema kwamba faragha ni hoja ya wenye maovu ya kuficha. Mwanamke huyu hakuwa na ovu lolote, na ndiye aliyeumia kuliko aliyekopa.

Simtaji kwa jina, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha kando. Nitamwita Mwalimu, kama wanavyomwita majirani zake.

Yaliyotokea

Kikoba chenyewe kina wanawake ishirini na wanne, wengi wao wakiwa wauza genge, mama lishe na mafundi cherehani, pamoja na watumishi wachache wa umma. Hukutana kila Jumamosi alasiri uani kwa mwenyekiti, upande wa magharibi wa jiji, si mbali na barabara iendayo Singida. Wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa, wanakopeshana, na ifikapo Desemba wanavunja kikoba na kugawana. Fedha hukaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zimegawanywa kwa wanachama watatu tofauti, kiasi kwamba hata mhazini anayelala na sanduku chumbani kwake hawezi kulifungua peke yake. Naomba msomaji aukumbuke mpangilio huu, kwa sababu unaonyesha kwamba kikundi kilikuwa tayari na kinga nzuri dhidi ya wizi, na kinga hiyo haikuhitaji simu ya mtu yeyote.

Chanzo cha yote ni wifi yake Mwalimu, mke wa kaka yake, ambaye alihitaji fedha za haraka kwa matibabu ya mtoto. Alitumiwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp, akapakua programu ya mikopo nje ya duka rasmi la simu yake, na kila programu ilipoomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina, ujumbe mfupi na picha, alibonyeza "Ruhusu" ili apite hatua inayofuata. Jambo la kupakua nje ya duka si dogo. Tangu mwishoni mwa Mei 2023, Google ilizikataza programu za mikopo binafsi zilizomo kwenye duka lake kuchukua orodha ya majina na picha za mkopaji, na anayetaka kuendelea kuzichukua hana budi kuwafikia watu kwa njia nyingine, ikiwemo kusambaza viungo. Aliomba shilingi 100,000, akapokea 68,000 baada ya kukatwa kinachoitwa ada ya huduma, na akatakiwa kurejesha 105,000 ndani ya siku saba. Mikopo ya namna hii ndiyo ambayo watu mtaani wanaiita kausha damu. Fomu pia ilimtaka aandike namba mbili za ndugu wa karibu, naye akaandika ya Mwalimu bila kumjulisha, kwa kuwa hakuona ubaya kuandika namba ya ndugu.

Siku ya nane Mwalimu alipokea ujumbe uliomwambia kwamba yeye ni mdhamini wa deni hilo, kwamba amfikishie mdaiwa habari alipe siku hiyohiyo, na kwamba asipofanya hivyo naye atachukuliwa hatua. Aliupuuza, maana hakuwa amemdhamini mtu. Kesho yake ujumbe wa aina nyingine ulisambazwa kwa watu wengi waliokuwa kwenye simu ya wifi yake, ukimtaja Mwalimu kwa majina yake matatu na kudai kwamba amemdhamini tapeli na anakataa kulipa. Ulimfikia mkuu wa shule yake. Ulimfikia mwenyekiti wa kikoba. Ulimfikia hata fundi bomba aliyewahi kuitwa nyumbani kwa wifi mara moja tu, namba yake ikabaki kwenye simu.

Mwalimu aliniuliza majina yake matatu waliyapata wapi, ilhali wifi yake alikuwa ameiandika namba ile kwa neno moja tu, "Wifi". Njia iliyo rahisi kuliko zote ni huduma za fedha kwa simu. Mtu akiingiza namba kana kwamba anataka kuitumia fedha, jina la aliyeisajili humtokea kabla hajathibitisha, na anaweza kusitisha muamala hapohapo bila gharama yoyote. Utaratibu huo umewekwa kwa nia njema, ili mtu asitume fedha kwa namba asiyoikusudia. Lakini laini zetu zimesajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha Taifa na alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo jina linalotokea ni jina halisi la mtu. Orodha ya namba ikishachotwa, kuigeuza kuwa orodha ya watu wenye majina kamili hakuhitaji ujuzi wowote.

Simu mezani

Jumamosi iliyofuata agenda ya kwanza ikawa ni Mwalimu. Kwa maelezo yake, ambayo mwenyekiti na katibu waliyathibitisha nilipozungumza nao baadaye, hakuna aliyemtukana. Mwenyekiti alianza kwa upole: "Mwalimu, tusielewane vibaya. Fedha hizi ni za watu, na sisi tumeletewa ujumbe." Mwalimu akaeleza habari za wifi yake. Mjumbe mmoja akasema maelezo kila mtu anayo. Ndipo katibu akatoa wazo kwamba, ili mambo yaishe, Mwalimu aonyeshe ujumbe wa miamala kwenye simu yake, maana mwenye deni kausha damu lazima ataonekana. Mwalimu akaifungua simu, akaiweka juu ya sanduku na kusema, "Someni. Mimi sina cha kuficha."

Alilisema kwa kujiamini, na alikuwa na kila sababu ya kujiamini, kwa kuwa deni hakuwa nalo. Katibu aliichukua simu na kuanza kusoma kwa sauti ili wote wasikie. Hakutafuta jina la programu wala neno "mkopo". Alishuka na orodha ya ujumbe kama ilivyokuja, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ndivyo anavyofanya mtu anayetafuta kitu asichokijua sura yake.

Ulisomwa ujumbe wa malipo ya awamu ya kiwanja, wenye kumbukumbu namba na kiasi kilicholipwa. Ukasomwa ujumbe wa hospitali wa kumkumbusha miadi ya kliniki ya wanawake, wenye jina la huduma anayoifuatilia, jina ambalo kila mwanamke aliyekuwapo alielewa kwamba linahusu kutafuta mtoto. Kisha ukasomwa ujumbe wa mwanakikundi mwenzao ambaye siku hiyo hakuwapo kwa sababu alikuwa msibani. Ulisema hivi: "Dada naomba nisaidie nauli ya kwenda kwa mama Kondoa na watoto. Hapa siwezi tena. Usimwambie mtu." Katibu alikwisha kufika mwisho wa sentensi kabla ya kutambua anasoma nini.

Baada ya hapo kulikuwa na kimya, halafu upekuzi ukaendelea hadi wakathibitisha kwamba hakuna mkopo.

Wanachama wawili, kwa kumhurumia Mwalimu, waliweka simu zao nao juu ya sanduku wakasema wote wakaguliwe. Fundi cherehani mmoja hakuweka yake, na kabla kikao hakijaisha alikuwa ameulizwa, "Na wewe mwenzetu una nini?" Hapo ndipo ninapoona hatari ya lile neno jepesi la "sina cha kuficha". Msemaji anadhani anatoa kilicho chake peke yake, kumbe anapandisha gharama ya kukataa kwa kila atakayefuata, na watu wakishazoea kujitoa hivyo, atakayebaki na mlango wake umefungwa atahesabiwa kuwa mshukiwa kwa kule kuufunga tu. Fundi huyu hakutuhumiwa na mtu yeyote alipofika kwenye kikao. Aliondoka akiwa na doa.

Ridhaa ya Mwalimu mwenyewe nayo inataka kutazamwa vizuri. Ni kweli aliitoa simu kwa mkono wake. Lakini aliitoa mbele ya wanawake zaidi ya ishirini waliokuwa wakimtazama, huku akijua kwamba kukataa kungechukuliwa kuwa ni kukiri, na ridhaa ambayo mtu hana njia ya kuinyima bila kuadhibiwa ni ridhaa kwa jina tu. Jambo hilohilo lilimpata wifi yake alipobonyeza "Ruhusu", kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa na asingebonyeza asingepata fedha.

Kilichopotea

Kwanza alipoteza uhazini, na sababu waliyoitoa ndiyo iliyonifanya niandike uchambuzi huu. Wanachama walikubaliana kwamba hana deni. Kisha mmoja akasema kwamba mtu mwenye mzigo wa kulipia kiwanja na gharama za kliniki kwa wakati mmoja asibebeshwe fedha za wengine, maana mahitaji humshinda binadamu, na hoja hiyo ikapita. Mambo yaliyopaswa kumsafisha yakawa sababu ya kumtilia shaka upya. Anayeamini kwamba taarifa za mtu mwema haziwezi kumdhuru husahau kwamba mtu hasomwi na malaika. Husomwa na wenzake wenye hofu zao na haraka zao, ambao wakipewa vipande vya maisha ya mtu huvishona kwa namna ya hofu waliyo nayo. Mwalimu asiye na kiwanja wala kliniki angebaki mhazini, na hangekuwa mwaminifu zaidi ya huyu.

Halafu likaja suala la kiwanja. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, na hasa baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, kiwanja kimekuwa ndiyo benki ya mtumishi wa kawaida hapa. Maneno ya nani kanunua wapi, Nala au Nzuguni, husafiri haraka kuliko daladala. Mwalimu na mume wake walikuwa wamekubaliana kutomwambia mtu hadi wamalize kulipa, kwa sababu inayojulikana na kila mwenye ukoo mkubwa na mshahara mdogo. Wiki moja baada ya kikao shemeji yake alikuja kuomba mtaji wa bodaboda, na mama mkwe akatuma salamu kwamba kumbe watu wananunua viwanja wakati yeye analala chini ya bati linalovuja. Mume naye, ambaye hakujua habari ilivyotoka, akamlaumu mkewe kwa kuvunja makubaliano yao. Hakuna dhambi katika kununua kiwanja. Kilichoharibika ni uwezo wa wanandoa wawili kupanga ni lini na kwa mpangilio gani waseme jambo lao, ili waweze kumsaidia mama bati lake kwa hiari, kama walivyokuwa wamekusudia, bila kusutwa.

Habari ya kliniki ilikwenda njia nyingine, na hii ndiyo iliyomliza mbele yangu. Siku ya jumuiya alisikia wenzake wakiwaombea wanandoa wanaotafuta mtoto, na jina lake likatajwa. Waliomwombea walikuwa wanampenda, na sina neno baya juu yao. Lakini yeye hakuwa amewaomba, hakuwa tayari, na tangu siku hiyo kila anapokutana na mama yeyote mtaani anaona macho yakishuka tumboni mwake. Alibadilisha saa za kwenda kliniki ili asionekane akipanda gari, na mara mbili hakwenda kabisa. Hapa faragha inagusa afya ya mtu moja kwa moja. Ndiyo maana sheria yetu ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi ilisisitiza usiri wa majibu ya vipimo: asiyeaminishwa kwamba majibu yake yatabaki yake hapimi, na asiyepima hatibiwi, hata kama angepimwa angekutwa mzima.

Kuhusu rafiki aliyeomba nauli nitaandika kwa ufupi kwa ajili ya usalama wake. Mume wake alipata habari kabla yeye hajaondoka. Aliondoka baadaye, kwa msaada wa ndugu, na katika hali ngumu kuliko ile aliyoipanga. Hayumo tena kikobani na hazungumzi na Mwalimu. Hapa ndipo msemo wa "sina cha kuficha" unapoishiwa nguvu kabisa, kwa sababu simu ya mtu haibebi mambo yake peke yake. Mwalimu hakuwa na cha kuficha kwa upande wake, lakini alikuwa ametunza cha mwenzake, na alipoifungua simu kwa dhamiri yake safi aliifungua pia siri ambayo hakuwa na mamlaka nayo. Wifi yake alifanya jambo lilelile kwa watu wote waliokuwa kwenye orodha yake, pamoja na yule fundi bomba.

Kikoba nacho kilipata hasara, ingawa wanachama walichelewa kuiona. Mwenyekiti aliniambia kwamba miezi iliyofuata hakuna aliyeomba msaada wa dharura kutoka mfuko wa jamii isipokuwa kwa misiba, ambayo haina siri. Mahitaji hayakuwa yamekwisha. Watu walikuwa wameona kinachoweza kutokea kwa ujumbe unaoanza na "Dada, naomba nisaidie."

Kila jambo na watu wake

Nilipozungumza na mwenyekiti, mama mzima mwenye busara na ambaye hakukusudia ubaya wowote, aliniambia: "Mwanangu, sisi tunaishi kama ndugu. Hayo ya faragha ni mambo ya Wazungu, sisi hatufichani." Nilimheshimu na sikubishana naye siku ile, lakini hoja yake inastahili jibu, kwa kuwa ndiyo inayosemwa na wengi, na kwa mtazamo wa nje ina nguvu, hata Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 hauna ibara inayoitaja haki ya faragha waziwazi.

Jibu langu ni kwamba maisha yetu yenyewe yanamkatalia. Mtu anayekwenda nyumbani kwa dada yake, mlango ukiwa wazi na sufuria jikoni likionekana, bado hubisha hodi na kungoja aitikiwe, na hakuna anayedhani kwamba ndani kuna kitu cha wizi. Tunasema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na tunamheshimu mwosha kwa sababu ameiona na hataisema. Kungwi anajua mambo ya mwari ambayo baba wa mwari hayajui. Katika jamii hizi zinazosifiwa kwamba hazifichani, kila jambo lina watu wake, na utu wa mtu mzima hupimwa kwa kujua jambo gani ni la nani.

Ukilitazama suala la Mwalimu kwa mtazamo huu, utaona kwamba hakuna hata moja kati ya mambo matatu yaliyosomwa ambalo lilikuwa limefichwa. Kiwanja kilijulikana kwa mume wake na kwa ofisi inayopokea malipo. Kliniki ilijulikana kwa daktari, kwa muuguzi na kwa mume. Nauli ya Kondoa ilijulikana kwa aliyeomba na aliyeombwa. Kila jambo lilikuwa mahali pake, mikononi mwa watu waliostahili kulijua na wenye wajibu juu yake. Kilichofanyika pale uani kilikuwa ni kuyang'oa mambo hayo kutoka kwa watu wake na kuyamwaga mbele ya watu wasio na wajibu wowote juu yake. Kumuuliza mtu kama ana cha kuficha ni kuuliza swali lisilohusika. Linalohusika ni jambo hili ni la nani, na nani kampa huyu ruhusa ya kulichukua.

Kuna pingamizi moja zaidi, nalo ni kwamba wezi na wanaopiga wake zao nao watajificha nyuma ya faragha. Pingamizi hilo lina ukweli, na sheria imelizingatia. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inaruhusu upekuzi, lakini kwa kawaida inataka kuwe na hati, kuwe na sababu za kuamini kwamba kitu fulani kinachohusiana na kosa kipo mahali fulani, na anayechukua vitu atoe stakabadhi. Hata saa za kupekua zimewekewa mpaka, kati ya mawio na machweo, isipokuwa mahakama ikiruhusu vinginevyo. Kwa maneno mengine, mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe ana kinga nyingi kuliko zile alizopata mhazini mwaminifu mbele ya marafiki zake.

Sheria ilivyo

Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977, ambayo iliingia pamoja na haki nyingine za binadamu katika marekebisho ya mwaka 1984, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Haisemi kwamba haki hiyo ni ya mwenye siri. Kwa muda mrefu haikuwa na sheria mahususi ya kuitekeleza kwa upande wa taarifa, mpaka ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka mkusanyaji ajisajili, akusanye taarifa kwa lengo halali na lililo wazi, na kwa msingi azipate kutoka kwa mhusika mwenyewe. Namba ya Mwalimu ilichukuliwa kutoka kwenye simu ya mtu mwingine, kwa lengo ambalo hakuambiwa. Inafaa kujua pia kwamba sheria hiyo inahesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa nyeti, kundi moja na taarifa za watoto na za afya.

Kwa upande wa vitisho, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha au kumnyanyasa mtu. Benki Kuu ya Tanzania, kwa mamlaka yake chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ilitangaza Novemba 2024 orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, na kuwatahadharisha wananchi wasiyatumie. Sheria hiyo hiyo inavitambua vikoba kama watoa huduma wa daraja la nne, kwa hiyo hata kikundi cha uani kina wajibu wa kuendeshwa kwa katiba na kumbukumbu zilizo sawa.

Tulimsaidia Mwalimu kukusanya picha za ujumbe wote pamoja na namba zilizoutuma na tarehe zake, tukaandika malalamiko kwa Tume na kutoa taarifa polisi. Ugumu ulikuwa mkubwa, kwani mkopeshaji hakuwa na ofisi, na namba zilizotumika zilikuwa zimezimwa. Kuhusu kikundi, Mwalimu hakutaka kumshtaki mtu, na mimi sikumshawishi. Sheria hii imeandikwa hasa kwa ajili ya wanaokusanya na kuchakata taarifa kwa utaratibu, na kumfikisha jirani mbele ya Tume kwa kusoma ujumbe kwa sauti lingekuwa jambo gumu na lenye kuacha uadui. Hata fidia ikitolewa, hakuna amri inayoweza kuwafanya wanawake wale wasijue walichokwisha kujua.

Tulichoweza kufanya ni kukaa na kikundi kwa alasiri moja na kuipitia katiba yao. Wanachama walikubali kuongeza kifungu kinachozuia simu ya mwanachama kukaguliwa kwa sababu yoyote katika kikao, na kingine kinachosema kwamba maombi ya dharura kwa mfuko wa jamii yatapokelewa na wajumbe wawili tu, ambao wataliambia kundi kiasi kilichotolewa bila kutaja sababu. Mwalimu aliombwa arudi kwenye uhazini, akakataa kwa adabu. Bado ananunua hisa zake.

Mwishoni katibu, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kwa sehemu kubwa ya mazungumzo, aliuliza swali ambalo kila kikundi kingepaswa kuuliza: "Sasa siku tukimshuku mhazini kweli, tufanye nini?" Nilimwambia waite watunza funguo watatu, wafungue sanduku, wahesabu fedha mbele ya wote na kuzilinganisha na daftari la hisa na la mikopo, na kama kikundi kina akaunti ya benki au ya simu, waombe taarifa ya akaunti hiyo kwa kipindi chote cha mzunguko. Hivyo vyote ni mali ya kikundi, na mhazini hana haki ya kumnyima mwanachama yeyote hata ukurasa mmoja. Fedha zikikosekana, zitakosekana hapo.